Kilo ngapi, saa ngapi: safari ya mavuno kutoka shamba mpaka Kolwezi

Saa kumi ya usiku, jua likiwa bado, njia ya kuingia Kolwezi iko tayari na watu. Kinga zinafuatana, kila moja na mifuko miwili ao mitatu nyuma, na mwenyewe hapandi, anasukuma: mukono moja ku usukani, mukono mwingine ku mufuko. Nyuma yao wamama, vitunga ku kichwa, sombe na lengalenga zimefunikwa na kitambaa chenye maji. Na pembeni yao, karibu ya kuwagusa, makamyo ya shaba.

Kila tukikutana na koperative, ulizo la kwanza ni lile lile: "Agronomu, proje itatuletea trisikle lini?" Si ulizo baya, nitalijibu chini. Lakini tukianza na trisikle tunaanza na mwisho. Mbele ya kuuliza tutabeba na nini, tuulize tunabeba nini, kilo ngapi, na safari ile inakula saa ngapi za maisha yetu. Mu mikutano ya mijini watu wanaongea sana juu ya namna ya kusafiri isiyoharibu dunia, na mawazo yao yanaenda ku magari ya betri, betri ambazo nyingi ziko na kobalti yetu ya Lualaba ndani. Ni vizuri. Kwetu, mambo yale yale yanaanza chini zaidi: mavuno yafike ku soko, mwili usivunjike, falanga ibaki, na kesho safari iweze kufanyika tena hata kama proje imekwisha kufunga biro.

Tufanye hesabu ndogo. Tuseme shamba la mama moja liko kilometa 20 na Kolwezi, na amengoa kilo 600 za muhogo mubichi. Kijana wake anabeba kilo 100 ku kinga kila mara. Ni safari 6, na kila safari ni kilometa 40 kuenda na kurudi. Yote pamoja kilometa 240. Na siku ya safari hakuna kazi ingine, kijana anarudi jioni amechoka, anakula bukari na kulala. Basi ni siku 6.

Sasa tuangalie kile alichobeba. Muhogo mubichi, zaidi ya nusu ya uzito wake ni maji. Mara nyingi kilo 3 mpaka 4 za mubichi zinatoa kilo 1 ya mukavu. Zile kilo 600 zikimenywa, zikiloweshwa na kuanikwa vizuri, zinabaki kilo 200 ao chini kidogo. Ni safari 2, kilometa 80. Siku 4 zimebaki ku nyumba, mipira ya kinga haikulika, na tena muhogo mukavu unaweza kungoja bei nzuri, wakati ule mubichi unaanza kuharibika siku ya pili ao ya tatu kisha kuungoa. Hakuna mutu aliyenunua mashini yoyote. Tuliacha tu kusukuma maji ku milima.

Mahindi ni vile vile. Ukibeba mahindi na vigunzi vyake, karibu kilo 1 ku kila kilo 5 ni kigunzi, na kigunzi hakuna mutu anakununulia. Upukuchue ku shamba, kigunzi kibaki kwa kuwasha moto. Unyevu nao uko na bei yake. Mufuko wa kilo 100 wenye unyevu 20 kwa mia, ukikauka mpaka 13 kwa mia, unabaki kilo 92. Kilo 8 zilikuwa maji, na ni maji yale yale yanayoleta kuvu mu depo. Ku tomati huwezi kutoa maji, lakini unaweza kutoa hasara: vuna wakati tunda linaanza tu kugeuka rangi, lile jekundu kabisa liache kwa mboga ya nyumbani, na usitie mu mufuko. Tomati iliyo chini ya mufuko inabeba uzito wa zote zilizo juu yake, na ku kila shimo la njia inapigwa. Kitunga kigumu ao kasha la mbao, na majani makavu chini, njo dawa yake.

Lakini hapa nasimama kidogo, juu kuko hatari moja ambayo kila koperative inayouza muhogo inapaswa kujua.

Mu miaka ya 1970, upande wa Bandundu, njia ya lami ya kuenda Kinshasa ilitengenezwa. Watu walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Makamyo yakaanza kufika mpaka karibu na vijiji, wauzaji wa Kinshasa wakataka muhogo, mwingi, na mbio. Zamani wamama walikuwa wanalowesha muhogo muchungu usiku tatu mu maji, ndiyo maana sumu yake inatoka. Soko lilipokuwa linavuta, wengine wakapunguza mpaka usiku moja. Waganga na watafiti waliokuja kisha walikuta ugonjwa wa konzo umeongezeka mu vijiji vile vilivyokuwa vinauza sana: watoto na wamama wanaamuka asubuhi, miguu imekauka, hawawezi tena kutembea sawa. Na miguu ile haiponi. Kuko jambo lingine walilokuta: vitu vingine vya chakula, kama maharagi na samaki, vilikuwa vichache ku sahani, na mwili usiopata vyakula vile unashindwa kupigana na sumu.

Ninaeleza hii juu tunazoea kusema: njia ikikuja, maisha yatakuwa mazuri. Kule njia ilikuja kweli, falanga ikaingia, na kumbe watu wakapoteza miguu, juu mbio ya soko ilikula zile usiku mbili. Basi tukikausha muhogo kwa kupunguza safari, kuloweshwa kusipunguzwe hata siku moja. Usiku tatu mu maji mpaka ulainike, na wakati wa baridi mu mwezi wa 6 na wa 7, ongeza usiku moja. Sheria hii ingefaa iandikwe mu kitabu cha koperative, na mwenye kupokea mifuko ku depo awe na haki ya kukataa.

Pia, musianike ku lami. Ninajua, lami ni safi kwa macho, inashika joto, muhogo unakauka siku mbili. Lakini ku njia zetu yanapita makamyo ya mawe ya shaba na kobalti, na vumbi lao linaanguka palepale. Mwaka 2018 watafiti wa Universite ya Lubumbashi pamoja na wa Leuven, Ubelgiji, walionyesha kwamba watu wa Kasulo, hapa hapa Kolwezi, walikuwa na kobalti nyingi mu mukojo, na watoto kuliko wakubwa, na vumbi la ku nyumba lilikuwa nayo vilevile. Anika mbali na njia, juu ya meza ya miti ao hema ya plastiki, pale mbuzi na kuku hawafiki.

Sasa tuje ku kinga yenyewe. Mimi ninaiheshimu sana. Mutu anayetembea na kilo 25 ku kichwa, kilometa 15 zinamukula saa nne ao zaidi, na shingo inalipa kwa miaka. Kinga ileile njia inapitisha kilo 100, na wale twanyonga wenye nguvu wanapitisha hata 150. Haikunywi mafuta, inapita mu kanjia ya mu pori pale gari halifiki, na ikiharibika inatengenezeka chini ya muti. Goma wanajivunia chukudu yao ya mbao, na wako na haki, juu udongo wao ni wa kushuka. Sisi tujivunie kinga.

Lakini tunaibeba vibaya. Mizigo inawekwa juu sana, na kinga inakuwa kama mulevi. Uzito ukae chini, pande mbili za mupira wa nyuma, sawa kushoto na kuume, na kile kitakachobaki juu kiwe chepesi. Vyuma vya nyuma vichomewe vingine vya kuongeza nguvu. Mupira ujazwe upepo vizuri: mupira laini chini ya muzigo unakatika pembeni, na unakula nguvu ya mwenye kusukuma. Na freni! Nimeona kinga nyingi zenye kilo 120 zinazoshuka mulima na freni ya sapato, ni kusema mutu anakanyaga mupira na kandambili yake. Muzigo ukipita kilo 80, freni mbili zinapaswa kushika, na kushuka mulima mukali ni kwa miguu, mutu akiwa nyuma ya muzigo na si mbele yake.

Koperative moja ninayotembelea iliacha kungoja vitu vikubwa, ikanunua pompi moja, gundi na viraka, shene mbili, spoki, funguo, na vipande vya freni, na ikamutuma kijana moja kwa fundi wa mu mji kwa majuma matatu. Kila memba anayetengenezewa analipa kidogo, na falanga ile inanunua vipande vingine. Tangu pale, niseme ukweli, mazungumzo ya trisikle yamepungua mu mikutano yao. Yamepungua, hayakuisha.

Kitu kimoja hakiandikwi mu ripoti: kinga ya mavuno njo ambulansi ya kijiji. Mutoto akipata homa ya malaria saa sita za usiku, ao mama akianza uchungu, hakuna wa kungojea asubuhi. Ninashauri kila kikundi kiwe na kinga moja ambayo haipewi muzigo jioni, mipira imejaa, taa iko, na watu wote wanajua iko ku nyumba ya nani. Wengine wanatengeneza kitanda kidogo cha magurudumu mawili cha kuvuta nyuma. Mchana kinavuta mifuko, usiku kinavuta mugonjwa.

Haya, trisikle. Inabeba, tuseme, kilo 500 kwa mara moja, na ku njia nzuri inafika mbio. Kwa tomati na mboga, ambazo haziwezi kungoja, ni musaada mukubwa. Lakini nilipita mahali trisikle ya koperative ilikuwa imefunikwa na majani nyuma ya kanisa, mipira yote mitatu imekufa, haijafikisha hata musimu wa pili. Haikuwa imeibiwa, wala dereva hakuwa mubaya. Hakuna mutu aliyekuwa ameweka falanga pembeni. Kila safari walihesabu mafuta na posho ya dereva, kinachobaki wakakigawa kama faida. Mipira, mafuta ya motere, shene, karatasi za polisi, na zile barieri ambazo kila mutu anazijua, vyote vilikuwa vinangoja siku yao. Kwa hiyo: musimu wa kwanza mukodeshe, musinunue. Muandike kila safari, kilo zilizopanda na falanga zilizotoka. Muangalie kama inajaa, juu trisikle yenye kilo 150 ni kinga ya bei kali. Muangalie pia inaporudi. Ikirudi tupu, nusu ya mafuta imepotea. Ikirudi na mbolea, chumvi, sabuni na mbegu za wamemba, bei ya kila kilo inashuka. Kisha musimu mutajua wenyewe kama munaihitaji, na mutakuwa na kitabu cha kuonyesha, badala ya barua ya kuomba.

Hiyo yote ni kwa njia za mu kijiji. Tukifika ku njia kubwa, ile ya taifa namba 39 inayoleta Kolwezi kutoka upande wa Likasi, mambo yanabadilika, na hapa siwezi kuwapa dawa ya kilimo. Tuko wembamba na makamyo ni manene. Tunakumbuka Februari 2019, mu kijiji Kabwe, ku njia ile ya Lubumbashi na Kolwezi, kamyo ya asidi ilipopinduka na watu karibu 20 wakafa, wengine wakaungua vibaya. Hawakuwa wachimbaji. Walikuwa watu wa ku njia, wasafiri na wenye kuuza, kama sisi. Kwa hiyo, meza ya mboga ikae mbali na lami, si pale kivuli cha kamyo kinapofika, na kamyo ya tanki ikianguka, hakuna kukaribia, hakuna kukinga na bidoni, hata kama mutu anasema ni mafuta. Kinga ya asubuhi iwe na kitu kinachongaa nyuma, hata kipande cha karatasi ya chuma. Na kama kuko kanjia ya pembeni, hata ikiwa ndefu kilometa mbili zaidi, mupite kule.

Reli ingesaidia, na tunayo. Njia ya reli kutoka Lobito, ku bahari ya Angola, inafika kwetu kupitia Dilolo, Kasaji na Mutshatsha, na ilikuwa ikifanya kazi mbele ya vita ya Angola kuifunga mwaka 1975. Mwisho wa 2023 shaba ya Kamoa-Kakula ilianza kutumwa tena ku Lobito kwa treni. Kila tani inayopanda treni ni tani iliyotoka ku njia yetu, na mimi kwa hiyo ninafurahi. Lakini mulimaji wa Kasaji mwenye mifuko 30 ya mahindi anauliza: na mimi nitapanda wapi? Tulishaona watu wanapokosa treni yao wanavyopanda ile ya mizigo. Machi 2022, mu Buyofwe, territware ya Lubudi, treni ya mizigo ilianguka, watu zaidi ya 60 wakafa, na wengi walikuwa wamejificha juu ya mizigo juu hawakuwa na namna ingine. Wakati wakubwa wanapozungumza juu ya reli, koperative za Dilolo na Mutshatsha ziandike pamoja, na ziombe kitu kinachoeleweka: vagoni moja ya mavuno na vagoni moja ya watu, siku moja ya juma inayojulikana, ku vituo vidogo vilevile. Barua ya koperative kumi inasomwa zaidi ya malalamiko ya mutu moja.

Nimalize na njia ya udongo, kutoka shamba mpaka lami, juu ile iko mu mikono yetu kuliko zote. Adui wa njia ni maji, kamyo ni wa pili. Njia inapaswa kuwa na mugongo, katikati juu kuliko pembeni, ili maji yashuke. Pembeni mufereji, na kila hatua 30 hivi, kama njia inashuka, mufereji mwingine mudogo wa kutoa maji nje, mu pori, mbele hayajapata nguvu. Maji yakipata nguvu yanachimba, na mu mwezi wa 2 munavuka bonde pale palipokuwa njia. Na hapa, ndugu walimaji, tusilaumu serikali peke yake. Matuta mengi ninayoyaona yanashuka na mulima, na mwisho wake ni njia: shamba linamwanga maji na udongo wake muzuri mu njia ya watu wote. Mugeuze matuta yakate mulima. Pale mufereji unapoisha mupande vetiva, mizizi yake inashika udongo kuliko simenti ya bei ndogo.

Mahali kuko CLER, ile komite ya watu wa hapa ya kutengeneza njia, koperative iwe na mutu wake ndani. Kazi kubwa ya CLER ni majembe na siku za kazi, na siku zake ni mwezi wa 8 na wa 9, wakati mifereji iko mikavu. Kisha mvua kuanza, ni barieri ya mvua: kila mvua kubwa ikinyesha, gari zito lingoje masaa machache mpaka udongo ushike. Barieri hii watu hawaipendi. Dereva anapiga kelele, anatoa falanga, na mulinzi iko na watoto wa kulisha. Kamyo moja tu ikipita usiku ule, inaacha mifereji miwili mirefu katikati ya njia, na musimu wote kinga zinalala mule. Basi mulinzi wa barieri asiwe mutu moja peke yake, na alipwe na wenye kupitisha mavuno, kidogo kwa kila mufuko, ili asilipwe na dereva.

Ziara yangu ya mwezi wa 9 itapita ku depo zote za koperative. Nitakuwa na kipimo cha unyevu. Kila memba mwenye mahindi alete kikombe kimoja kutoka katikati ya mufuko, si kutoka juu, na sekretere awe na kitabu cha safari za musimu huu: tarehe, kilo, aliyebeba, saa ya kuondoka na saa ya kurudi. Saa ya kurudi muiandike kweli. Njo ile ninayotaka kuona.